Mguu Kwenye Karatasi ya Grafu

Ukutani kwake, mahali ambapo watu wengine wa Kasulu walitundika kalenda ya sabuni au picha ya Papa, Mwalimu wa Hesabu alikuwa ametundika mguu. Ulikuwa wayo wa kulia, umechorwa kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, vidole vyote vitano vikionekana, na karibu na kisigino palikuwa na umbo lisilo na mpangilio, kama ziwa kwenye ramani, lililojazwa weusi wa penseli. Nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na nyingine, na nyuma yake nyingine. Ukizifunua uliona ziwa lilelile, mara dogo kidogo, mara kubwa kidogo. Wageni waliuliza ni nini. Wageni wenyewe walikuwa wachache, na wengi wa hao wachache nilikuwa mimi.

Tulikuwa majirani katika nyumba za watumishi za chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zilikuwa nyumba za matofali ya kuchoma, mbili mbili, zilizotenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi nilitafuta leso. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya Kiswahili na imani kwamba taifa linasubiri maoni yangu kuhusu riwaya. Yeye alikuwa amerudi miaka michache kabla yangu kutoka nchi moja ya baridi na shahada kubwa ya hisabati, na kwa kadiri nilivyoweza kuona hakuamini kwamba kuna anayemsubiri popote. Kazi aliyopangiwa ilikuwa kuwafundisha walimu watarajiwa wa shule za msingi namna ya kufundisha sehemu na asilimia. Alifundisha vizuri, kwa ukali, akimtazama kila mwanafunzi kwenye kifungo cha pili cha shati.

Habari za ukoo wake sitazieleza kwa sababu hakunieleza. Najua kwamba kwao kulikuwa Kitahana, upande wa Kibondo, na kwamba huko alikuwa na dada yake mkubwa, mkulima wa maharage na muhogo, ambaye ndiye aliyemlea. Jamaa mwingine sikuwahi kumsikia akitajwa.

Alikuwa na namna yake ya kupokea watu. Ukibisha hodi hakusema karibu. Alisema, "Umekuja," kama mtu anayehakiki jambo. Ukiinuka kwenda zako alisema, "Umeondoka," kabla hata hujaufikia mlango. Mlango wenyewe aliufunga kwa komeo akiwa ndani, na akitoka aliuacha wazi siku nzima. Siku moja nilimwambia kwamba anafanya kinyume.

"Nikiwa nje," alisema, "ndani hamna cha kuibwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hapo nikatambua kwamba hakuwa akitania.

Alikula amesimama. Sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akala huku akitazama vilima vya upande wa Kibondo, akaosha mkono, basi. Mtu huyu ambaye maishani mwake mwote aliuliza vipimo, sukari aliitia kwenye chai kwa kuinamisha mfuko. Aliweza kukuonyesha ubaoni ni lini kundi la mbuzi litamaliza majani ya kilima, lakini hakuweza kuwahi mkutano wa walimu hata mmoja. Sweta yake ya kijivu ilikuwa na viraka viwili viwili kwenye viwiko, kiraka juu ya kiraka, na mfukoni mwake mlikuwa na chaki hata siku za Jumapili.

Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mwisho, akiimba besi. Nilimuuliza kama anaamini. "Naamini besi," alisema.

Kauli yake aliyoirudia kuliko zote ilikuwa swali. Mkuu wa chuo aliposema kwenye mkutano kwamba wanafunzi wanahitaji nidhamu zaidi, sauti ilitoka nyuma, kwa mtu aliyekuwa amechelewa kuingia: "Kiasi gani, na lini?" Mwalimu wa kwaya alipowaambia waongeze nguvu kwenye ubeti wa pili, besi ikauliza: "Kiasi gani?" Mimi nilipomweleza, kwa majivuno ya ujana, kwamba jamii yetu inahitaji fasihi, alinitazama kwenye kifungo cha pili cha shati, akasema, "Najua mtakachojibu nikiwauliza kiasi gani. Ninyi mkikosea mnaruhusiwa kuita mtindo."

Ilinichukua muda kuuliza alisomea nini hasa huko kwenye baridi. Nilidhani hesabu ni hesabu. Tulikuwa tumekaa barazani, na alijibu kwa kuchukua kipande cha mkaa na kuchora sakafuni.

"Unajua ikibiri," alisema.

Nilijua. Mtu wa Kasulu asiyeijua ikibiri ni mgeni wa jana. Shamba lako limekushinda, unapika pombe ya ndizi, unawaalika majirani, wanakuja na majembe, wanalima, kisha wote mnakaa kuzunguka chungu kimoja na mirija yenu.

"Basi shamba ni mwili," alisema. "Magugu ni saratani. Majirani wenye majembe ni kinga ya mwili, wale askari wa damu. Wapo, wana nguvu, lakini wamelala, au hawajui kama magugu yale ni magugu. Sasa kuna dawa za aina mpya. Zenyewe haziui magugu. Zinawaamsha wenye majembe. Dawa ndiyo pombe."

"Basi pika pombe nyingi," nilisema. Nilikuwa mtu wa suluhisho rahisi.

"Ndivyo wanavyofikiri wengi. Ukipika nyingi kwa mara moja, wanakuja wote, wanakunywa, na saa sita mchana wamelala kwenye migomba. Kesho yake vichwa vinawauma, hawaji kwako wala kwa mwingine. Ukipika kidogo kila siku, wanakuja wawili, wanaonja, wanakwenda zao. Kuna kiasi, na kuna nafasi kati ya mwaliko na mwaliko. Hiyo nafasi ndiyo niliyosomea."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

Ilikuwa milinganyo mitatu. Mmoja wa magugu, mmoja wa wapaliliaji, mmoja wa pombe, na kila mmoja ukiulisha au kuula mwenzake. Aliiandika kwenye kona ya juu ya ubao katika darasa lake, akaizungushia mstari na kuandika USIFUTE. Wanafunzi waliiheshimu kama watu wanavyoheshimu kaburi wasilolijua la nani. Walifuta ubao wakiizunguka. Hapakuwa na mtu Kasulu, wala Kigoma, wala popote ambapo basi lilifika, wa kumwambia kwamba alama fulani ameikosea. Dawa zenyewe zilikuwa nchi zile za baridi, na huko nako bado wengi walikuwa wakizijaribu. Alikuwa kama mtu aliyesomea unahodha akapangiwa kazi Dodoma. Nilimwambia hivyo. Alifikiri, akasema Dodoma kuna mabwawa.

Kisha milinganyo ikapata mwili wa kuingia. Dada yake alikuwa na doa jeusi chini ya wayo. Alidhani amechomwa na kisiki shambani. Doa likawa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Mwalimu alimpeleka hospitali, wakakata kipande na kukipeleka mbali kupimwa, na jibu lilipokuja lilikuwa saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye weusi. Wakamkata nyama yote iliyozunguka kidonda. Kikarudi. Daktari alisema waziwazi kwamba kilichobaki ni kukisafisha na kukifunga vizuri.

Mwalimu alimwandikia mtu aliyesoma naye, sasa daktari katika nchi ileile, akaomba dawa ya kuamsha kinga. Daktari alijibu kwamba kwa utaratibu wao mgonjwa huchomwa dozi kubwa kwa miezi mingi, na alichoweza kupata yeye hakikaribii hata robo ya hiyo. Kwa kipimo chao ni sawa na kutotuma kitu. Anatuma kwa sababu ya urafiki.

"Hakikaribii robo," nilisema, nikijaribu kumpa pole mapema.

"Kwa kipimo chao," alisema Mwalimu. Hadi siku ile nilikuwa sijawahi kumwona ananitazama usoni.

Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake tangu mwanzo, na sasa limekuja na mguu wa mtu. Dawa ni kidogo. Je, kidogo kilichopangwa vizuri, kwa nafasi sahihi, kinaweza kufanya kazi ya kingi kilichomwagwa? Milinganyo yake ilisema inawezekana. Haikusema zaidi ya hapo. Kwa majuma kadhaa nilisikia kupitia ukuta chaki ikigonga kibao alichokiweka mezani, na ikinyamaza.

Dawa ilifika kupitia daktari mmoja aliyekuja kuhudumia wakimbizi. Ulikuwa mwaka ule Warundi walipovuka mpaka kwa wingi, Kibondo ikajaa watu, na barabara yetu ya vumbi jekundu ikaota malori. Zilikuwa chupa ndogo za unga mweupe, za kuchanganywa na maji ya sindano, na zilitakiwa zikae kwenye baridi. Zahanati ya Kitahana ilikuwa na friji ya mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo za watoto. Tatizo likawa kuzifikisha. Tukazifunga kwa plastiki na kuzipanga ndani ya chupa ya chai, ile kubwa yenye maua, pamoja na barafu tuliyopewa na hospitali ya misheni. Mimi ndiye niliyeibeba mapajani, nyuma ya lori. Sikuwahi kukabidhiwa kitu muhimu namna ile, na tangu hapo sijakabidhiwa kingine.

Tulipanda na mama mmoja mwenye kuku.

"Mwalimu," aliniambia, baada ya kuitazama chupa kwa muda, "hiyo chai unampelekea nani peke yake? Tumiminie hata kifuniko."

"Si chai, mama."

"Ni nini?"

Nilimtazama Mwalimu wa Hesabu. Hakunisaidia. "Ni pombe ya ikibiri," nilisema.

"Ndiyo kabisa!" Lori zima lilicheka. "Mimina! Pombe ya watu unaikumbatia kama mtoto? Kwenu wapi wewe?"

Kitahana tulimkuta dada mtu barazani, mguu juu ya kigoda, akichambua maharage. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake na mwepesi wa maneno. Naye alimwita Mwalimu, kama sisi wote, ila yeye alilitamka kama jina la utani. Mwalimu alimweleza kuhusu dawa kwa mfano wa ikibiri, akamwambia homa itakuja baada ya sindano na asiiogope. Homa ndiyo kelele za watu wanaofika na majembe.

"Na pombe ikiisha?" aliuliza.

"Nimepanga isiishe kabla ya magugu."

"Umepanga," alisema dada yake, akaendelea na maharage.

Sindano alizichoma muuguzi wa zahanati, mama mnene aliyewaita wagonjwa wote mwanangu, hata waliomzidi umri. Mwalimu alimwachia ratiba, na kila alipopata nafasi alidandia lori kwenda kuchora mguu. Uliwekwa juu ya karatasi ya grafu, akauzungushia penseli, kisha akahamisha ukubwa wa kidonda kwa kuhesabu miraba. Dada yake alikuwa na mtekenyo. Alicheka mpaka kigoda kikatikisika.

"Unanipima kama fundi viatu," alisema, "na viatu vyenyewe sivioni."

Mchoro wa kwanza baada ya sindano ulionyesha ziwa limepungua. Kidogo, lakini miraba haidanganyi. Usiku ule nilisikia besi kupitia ukuta, wimbo mzima, beti zote. Mchoro uliofuata ziwa lilikuwa palepale. Uliofuata lilikuwa limeanza kutanuka.

Sasa hapa ndipo hesabu zake zilipomponza, na nataka nieleze vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza mara nyingi, akisimama mbele ya ule ukuta. Mchoro ukikataa kufuata mstari, una njia mbili za kufikiri. Pengine dawa ni kidogo mno. Au pengine ni nyingi mno, na wenye majembe wamechoka na kulala migombani. Alikuwa na hakika na kiasi kilichokuwa kikiingia mwilini, maana alikuwa amekipima mwenyewe. Dalili zilifanana na uchovu: wameitika mara ya kwanza, kisha wamelegea. Kwa hiyo akaongeza nafasi kati ya sindano na sindano, ili wapumzike. Kwa maneno mengine, aliamua dada yake apate pungufu.

Likizo ilipofika nilikwenda naye. Ilikuwa siku ya sindano, tukaenda zahanati moja kwa moja. Dada mtu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, na kando yake alikuwa mwanamke mwingine, Mrundi, aliyevuka na wale wa mwaka ule na kupokelewa katika nyumba yake, akilima naye na kulala chumba kimoja naye. Mwalimu alikuwa amemwona nyumbani mara nyingi na kumsalimu, mimi mara ile ya chupa ya chai. Muuguzi alitoka na sindano, akamchoma dada mtu mkononi. Halafu yule mwanamke, bila kuambiwa, akapandisha mkono wa gauni kama mtu aliyezoea, na muuguzi akamchoma yeye kwa kilichobaki kwenye chupa ileile.

Mwalimu alisema, kwa sauti ya darasani, "Mama, umefanya nini?"

"Nimemaliza, mwanangu," alisema muuguzi. "Wote wawili."

"Wote wawili nani?"

Dada yake ndiye aliyejibu. "Mwonyeshe," alimwambia mwenzake. Yule mwanamke akavua kandambili na kuinua mguu. Chini ya wayo, karibu na vidole, alikuwa na kidonda cheusi.

"Mnagawana tangu lini?" aliuliza Mwalimu.

"Tangu sindano ya pili," alisema dada yake. "Sisi tunalala chumba kimoja. Ulitaka mimi nichomwe na yeye akae hapa ananitazama?"

"Dozi ilikuwa ya mtu mmoja."

"Na chungu cha ikibiri kina majina? Mtu akipita njiani mkiwa mnakunywa, mnamfukuza?"

"Huo ulikuwa mfano tu!" Nadhani ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Nilikueleza kwa mfano!"

"Nilikuelewa," alisema dada yake.

Muuguzi alisimama na sindano yake tupu. Hakuona kosa. Katika miezi ile pale zahanati walikuwa wamegawa kila kitu nusu kwa nusu, vidonge, blanketi, sabuni, na hakuna aliyekuja kumuuliza.

Mwalimu alikwenda kukaa peke yake nyuma ya zahanati, akaandika kwenye udongo kwa kijiti. Nilimfuata, nikasimama mbali kidogo, jambo ambalo ndilo nililoweza. Hakuwa akifuta. Aliandika mpaka udongo ukamwishia kwenye ukuta, akarudi.

"Kilichobaki," aliwaambia wote wawili, "kikigawanywa, hakimtoshi yeyote. Hiyo ninaweza kuisema bila wasiwasi. Kikienda kwa mtu mmoja, na ratiba ikarudishwa ilivyokuwa, inawezekana."

"Nikichomwa mimi peke yangu nitapona?" aliuliza dada yake.

"Inawezekana."

"Inasema nitapona?"

"Haisemi hivyo."

"Na huyu? Inasemaje kuhusu huyu?"

"Huyu hayumo kwenye hesabu," alisema Mwalimu. "Hajapimwa popote. Hatujui hata kama ni ugonjwa huohuo."

"Basi mtie humo," alisema dada yake.

Yule mwanamke alisema kwa Kirundi kwamba yeye ataacha, na dada mtu akamjibu kwa Kiha, kwa maneno ambayo nimeambiwa hayatafsiriki mbele ya watu. Muuguzi akaja na chai. Sukari ilikuwa kidogo, nayo tuligawana.

Angeweza kuchukua chupa zilizobaki. Zilikuwa zake. Ufunguo wa friji muuguzi angempa. Badala yake aliketi siku nzima ya pili akapanga ratiba mpya ya miili miwili kwa dozi ambayo tayari alikuwa ameitangaza kuwa haitoshi, na nimewahi kuona watu wakifanya kazi kwa bidii, lakini sijaona mtu akifanya kwa bidii namna ile kazi asiyoiamini.

Dada yake alifariki maharage yakiwa kwenye maua. Mwalimu alimzika, akarudi chuoni, akaingia darasani akiwa amechelewa kama kawaida. Milinganyo ilikuwa bado kwenye kona yake. Aliitazama, na darasa zima likangoja aifute. Hakuifuta. Aliongeza herufi moja kwenye ule wa tatu, wa pombe, herufi ambayo haikuwepo. Mwanafunzi mmoja jasiri akauliza herufi ile inasimamia nini.

"Mpita njia," alisema, akaendelea na asilimia.

Alijaribu kuitatua mpaka mimi nilipohama. Kupitia ukuta nilisikia chaki, na kunyamaza, na chaki. Aliniambia kwamba ukishamwingiza mpita njia, mistari haikutani tena. Kila jibu linakuuliza ni wangapi watapita.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Kasulu kwa kazi ya kusahihisha mitihani. Nilikuwa nimenenepa, nimechapisha insha chache zilizosomwa na waandishi wa insha wenzangu, na taifa lilikuwa limeendelea bila maoni yangu. Niliambiwa Mwalimu wa Hesabu aliacha kazi mapema na anaishi Kitahana, katika nyumba ya dada yake. Nikapanda lori.

Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa ndani.

"Umekuja," alisema.

Alikuwa na sweta ileile, viraka vimeongezeka. Ukutani kulikuwa na miguu miwili sasa, mmoja kando ya mwingine, kila mmoja na karatasi zake nyuma. Uliotundikwa upande wa kushoto niliujua. Kwenye ule uliotundikwa upande wa kulia ziwa lilikuwa karibu na vidole, na nilipofunua karatasi moja baada ya nyingine, kutoka ya chini kabisa kuja juu, ziwa lilipungua, likapungua, likawa kisima, likawa nukta. Karatasi za juu hazikuwa na kitu. Ulikuwa mguu tu.

"Alipona?" niliuliza.

"Kidonda kilifunga."

"Ni dawa?"

Alitia sukari kwenye chai yangu kwa kuinamisha mfuko. "Sijui. Huenda haikuwa saratani ile. Huenda ilikuwa ile na mwili wake ungeshinda hata bila sindano. Hutokea, kwa nadra. Huenda ilikuwa ile na nusu ndiyo ilikuwa dozi sahihi." Akaufunga mfuko. "Lakini nusu ndiyo aliyopata na dada yangu."

Nilizishusha karatasi, zikarudi zilivyokuwa.

Alikuja mchana, yule mwanamke. Siku hizi aliishi kambini Mtendeli, walikohamishiwa, na kila maharage yalipovunwa aliomba kibali, akaja kusaidia shambani na kuchorwa mguu. Aliingia bila hodi, akashusha furushi.

"Musazanje," alimwambia Mwalimu. Ndivyo mwanamke wa kwao anavyomwita kaka yake. "Bado hujafa?"

"Bado."

"Na huyu ni yule wa chupa ya chai!" alisema, akanikumbatia. "Amekula vizuri huko."

Alinawa mguu kwenye beseni, akaukausha kwa kanga, akauweka juu ya karatasi ya grafu iliyokuwa imekwisha kutandazwa. Hakuambiwa. Mwalimu alipiga magoti na penseli. Hapakuwa na kitu cha kupima, kovu tu lililong'aa kidogo, lakini alizunguka kidole kwa kidole.

"Shemeji yangu ameleta habari," alisema mwanamke, akiwa amesimama pale kwa mguu mmoja karatasini. Alisema nami, lakini maneno hayakuwa yangu. "Shamba letu kule bado lipo. Hajalichukua mtu. Wanaandikisha wanaotaka kurudi."

Penseli ilikuwa imefika kisigino. Ikasimama, kisha ikaendelea.

"Umejiandikisha?" aliuliza Mwalimu, kichwa chini.

"Nimejiandikisha."

"Ni vizuri. Shamba likikaa muda mrefu linaharibika."

"Wewe hutakuja kunichora huko. Kule hakuna wa kukujua."

"Hapa pia," alisema, nao wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu ambao wamekitumia mara nyingi.

Alimaliza. Aliinua karatasi, akaandika tarehe kwenye kona. Mwanamke alianza kuvaa kandambili. Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti. Akachukua karatasi nyingine, akaitandaza, akailainisha kwa kiganja.

"Na huu," alisema.

"Upi? Huu?" Alitazama mguu wake wa pili. "Huu haukuumwa, musazanje. Huu mzima."

"Najua."

Mwanamke alinitazama. Kisha alivua kandambili ya pili, akanawa mguu ule kwa makini kama alivyounawa wa kwanza, akauweka katikati ya karatasi na kusimama wima, akitazama mlangoni, asitikisike.